Kilomita 22 kwa lita? Lita ipi hiyo?

Najua nimepotea. Wiki tatu nzima hapa pamelala, hadi mshkaji mmoja kanisimamisha pale kafeteria, sahani mkononi, akaniuliza kwa sauti ya huruma kama nimedisco. Hapana jamani, sijadisco! Kwanza zilikuwa tesiti, zikafuata kazi za vikundi (kikundi maana yake ni mimi na laptop yangu, wenzangu wanaleta majina tu), halafu likaja jambo la kifamilia ambalo ndilo limenirudisha kwenye kibodi usiku huu. Leo siandiki kuhusu boom wala foleni ya maji hosteli. Naandika kuhusu petroli. Petroli, na namba moja iliyonidanganya. Au niseme ukweli: namba niliyojidanganya nayo mwenyewe, mimi mwanafunzi wa ualimu, Hisabati na Fizikia, mtu ambaye siku si nyingi ataaminiwa watoto wa watu.

Iko hivi. Mjomba wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi miaka mingi, mwaka jana akastaafu na kiinua mgongo chake kikatoka. Wenye wazee waliostaafu mnazijua zile wiki. Ndugu waliopotea wanaonekana, kila anayekuja kusalimia ana wazo la biashara. Mara kuku wa mayai, mara matikiti Bagamoyo, mara shemeji fulani ana mpango wa kokoto. Mjomba hakutaka hayo yote. Alitaka gari ndogo, aifanyie teksi ya mtandao, aendeshe mwenyewe, ili asije akagombana na dereva kuhusu hesabu ya siku. Anakaa Kimara. Akanipigia simu, akasema, "Mjomba, wewe ndiye mtu wa hesabu. Nipigie hesabu." (Kwetu mjomba na mpwa tunaitana mjomba kwa mjomba, msichanganyikiwe.)

Nilivyojisikia! Mzee aliyenifundisha kuhesabu kwa vizibo vya soda, leo ananiomba mimi nimpigie hesabu. Nikaingia mtandaoni usiku kucha. Nikakipata kigari cha cc 1000, toleo la 2006, kimetoka Japani. Jina silitaji, wala la muuzaji, wala halina maana hapa, maana wote wanaandika vilevile. Kwenye tangazo kulikuwa na mstari mmoja umekolezwa: mafuta, 22.0 km/L. Ishirini na mbili nukta sifuri. Aisee, hiyo nukta sifuri ndiyo iliyonimaliza. Angeandika "kama ishirini hivi" ningemtilia shaka. Lakini namba yenye desimali inaonekana imetoka maabara. Na kweli ilitoka maabara, ndipo shida yote ilipoanzia.

Hesabu yangu ilikuwa safi, nimeitunza hadi leo kwenye daftari. Kilomita 130 kwa siku. Bei ya petroli niliikadiria shilingi 3,000 kwa lita ili namba zisiwe na mikia, maana EWURA hutangaza bei kikomo mpya kila mwezi na huwezi kuijua ya mbele. 130 gawanya kwa 22, unapata lita 5.9, yaani shilingi 17,700 hivi. Mapato, ukishatoa makato ya kampuni ya mtandao, tukakadiria 55,000. Toa mafuta. Toa 12,000 za kuweka pembeni kwa ajili ya sevisi, matairi na bima. Inabaki kama 25,300 kwa siku. Mjomba akafurahi. Mimi nikafurahi. Shangazi (mke wa mjomba, sisi tunamwita shangazi tu) akasema tumshukuru Mungu, maana binti yao wa mwisho yuko kidato cha tano, bweni, na vile vitu vya kwenda navyo shule mnavijua.

Wiki ya pili simu ikaita. "Mjomba, hii gari inakula."

Unajua nilijibu nini? Nilimwambia sheli wanampunja, abadilishe kituo. Akabadilisha. Akarudi tena: inakula. Nikamwambia aangalie upepo wa matairi. Akaangalia. Nikamwambia labda anakanyaga sana mafuta, mtu mzima yule mwenye leseni kabla mimi sijazaliwa. Yaani nilimshuku mwenye sheli, nikayashuku matairi, nikamshuku mjomba mwenyewe, wala haikunijia akilini kuishuku ile 22.0. Si ilikuwa na desimali!

Mwishowe Jumamosi moja nikapanda daladala hadi Kimara, tukapima. Njia ni rahisi na kila mwenye gari anaiweza. Unajaza tanki hadi pampu ikate yenyewe, unaandika kilomita zilizopo kwenye dashibodi, unaendesha kazi zako za kawaida siku tatu nne, halafu unarudi kwenye pampu ileile unajaza tena hadi ikate. Lita zilizoingia mara ya pili ndizo ulizotumia. Tukapata kilomita 412 kwa lita 31.7. Gawanya. Kumi na tatu.

Rudia sasa hesabu yangu safi. Kilomita 130 kwa 13 ni lita 10 kamili, shilingi 30,000. Kile kilichobaki mfukoni kwa siku si 25,300 tena, ni 13,000. Kwa siku 26 za kazi, pengo linakaribia laki tatu na ishirini kwa mwezi. Laki tatu na ishirini, wadau, kutokana na mstari mmoja wa tangazo! Mwezi wa tatu mjomba alikopa kwenye kikoba cha shangazi ili anunue matairi, kwa sababu ile 12,000 ya kuweka pembeni ilikuwa inaliwa na tanki. Mimi naye nikaacha kumwomba nauli. Nilijua ingetoka wapi.

Basi nikaanza kusoma. Nimesoma kuhusu hii kitu kuliko nilivyosoma desa la Fizikia ya Kwanta, na Mungu anisamehe.

Ile 22.0 haikutungwa na muuzaji. Ni namba rasmi ya Japani, imetoka kwenye kipimo walichokiita 10-15 modi, kilichoanza mwaka 1991 na kutumika hadi mapema miaka ya 2010. Gari haliendi barabarani. Linafungwa juu ya magurudumu ya chuma maabara, linaendeshwa kwa ratiba maalumu: sekunde 660, sawa na kilomita 4.16 tu, mwendo wa wastani kilomita 22.7 kwa saa, na mwendo wa juu kabisa 70. Injini imeshapashwa moto kabla ya kuanza. Kiyoyozi kimezimwa. Uzito unaohesabiwa ni wa gari lenyewe pamoja na kilo 110, yaani watu wawili wa kilo 55 kila mmoja. Kuongeza mwendo ni polepole mno, kama mtu aliyebeba mayai kwenye siti ya nyuma.

Sasa weka hapo gari la mjomba. Abiria watatu wa Kimara wenye afya zao, na gunia la mchele kwenye buti. Januari ya Dar es Salaam, abiria anapanda na neno la kwanza ni "washa AC". Injini inazimwa na kuwashwa mara ishirini kwa siku. Gari limeshatembea Japani, likatembea hapa, plagi zake hatujui za lini. Mnaona? Kile kipimo kilikuwa kinajibu swali lake vizuri kabisa, ila swali lile halikuwa la mjomba.

Wajapani wenyewe waliliona hilo. Wakaleta kipimo kipya, JC08, kikawa cha lazima kwa magari ya aina mpya kuanzia 2011. Hiki ni kirefu zaidi, kilomita kama 8 na dakika 20, mwendo wa juu ukapanda hadi 81.6, na robo ya alama inatokana na injini kuwashwa ikiwa baridi. Gari lilelile likipimwa kwa JC08 mara nyingi lilishuka kwa takriban asilimia 10. Halafu kuanzia mwaka 2017 wakaanza kuhamia WLTC, ambayo inatoa na namba tatu za pembeni: mjini, nje ya mji, na barabara kuu. Hiyo ya tatu bora mimi nimeipenda. Angalau unaweza kuangalia mstari wa mjini ukaacha mingine.

Tatizo ni kwamba kwenye matangazo yetu namba hizi zote zinakaa kwenye kisanduku kimoja. Gari la 2006 limeandikwa 22, la 2013 limeandikwa 20, wewe mnunuzi unasema la zamani linabana mafuta zaidi. Inawezekana lile la 2013 ndilo bora, limepimwa tu na mwalimu mkali zaidi. Sisi wa ualimu tunalijua hili. Alama 80 ya shule moja na 60 ya shule nyingine huwezi kuzilinganisha kama hujui mtihani ulitungwa na nani.

Na ukitoka nje ya Japani mambo yanazidi kuchanganya. Chukueni Toyota Prius ya kizazi cha tatu, iliyotoka mwaka 2009. Kwa 10-15 modi, toleo lake jepesi la Japani lilipewa kilomita 38.0 kwa lita. Kwa JC08, 32.6. Ulaya, kwa kipimo chao cha wakati ule kilichoitwa NEDC, ilikuwa lita 3.9 kwa kilomita 100, sawa na kilomita 25.6 kwa lita. Marekani ilipewa maili 50 kwa galoni, ambazo ni kama kilomita 21.3 kwa lita. Gari ni moja! Kutoka 38 hadi 21, kwa kubadilisha maabara na uzito kidogo wa toleo. Sisemi kila gari linashuka hivyo. Haibridi hupendelewa sana na vipimo vya mwendo mdogo, maana hapo ndipo mota ya umeme inapofanya kazi. Lakini mtu akikutajia namba bila kutaja mtihani, amekutajia nusu ya habari.

Ngoja, kuna na galoni. Hii ilinipotezea siku nzima. Nilikuta Waingereza wanasema Prius hiyohiyo ni maili 72.4 kwa galoni, Wamarekani wanasema 50. Nikasema hawa Wamarekani wanaendesha vibaya. Kumbe galoni zao si moja! Galoni ya Uingereza ni lita 4.546, ya Marekani ni lita 3.785. Maili 50 za Marekani ni maili 60 za Uingereza. Kwa hiyo kati ya 50 na 72, karibu nusu ya tofauti ni ukubwa wa ndoo, inayobaki ndiyo ya kipimo. Na mitandaoni utakuta tangazo la gari lililotoka Uingereza na lingine la Dubai, yote yameandika "mpg" na basi. Mpg ya nani?

Wamarekani niwape haki yao hapa. Kwa magari ya kuanzia mwaka 2008 waliongeza majaribio: mwendo mkali, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, na baridi. Namba zikashuka, wauza magari wakanuna, lakini wanunuzi wakakaribia ukweli. Ulaya walichelewa. NEDC waliing'ang'ania hadi wakati pengo kati ya namba ya karatasi na ya barabarani lilipofika takriban asilimia 40, ndipo wakahamia WLTP, mwaka 2017 kwa aina mpya na Septemba 2018 kwa magari mapya yote. Hata hiyo haijamaliza mambo. Siku hizi magari mapya ya Ulaya yana kifaa kinachorekodi mafuta yanayotumika kweli, na Tume ya Ulaya ilipotoa taarifa mwaka 2024 kuhusu magari yaliyosajiliwa 2021, ya petroli na dizeli yalikuwa yamezidi namba rasmi kwa asilimia 20 hivi. Zile haibridi za kuchomeka umeme ndizo usiseme: mara tatu na nusu, kwa sababu wenyewe hawachomeki!

Na hapo tunazungumzia watu waliofuata sheria. Wapo waliochakachua. Aprili 2016 Mitsubishi walikiri kwamba takwimu za magari yao madogo 625,000 ya soko la Japani, yakiwemo yaliyouzwa kwa jina la Nissan, zilipikwa ili yaonekane yanabana mafuta. Waliogundua ni Nissan, walipoyapima wenyewe wakaona hayafiki. Yaani nao walifanya kilekile tulichofanya mimi na mjomba pale Kimara, tofauti wao wana maabara.

Haya. Nilipomweleza haya yote chumbamate wangu (anasoma uhasibu, na ubishi ni kozi yake ya pili), akasema, "Sasa we unalalamika nini? Namba ni ya kulinganisha tu. Kama gari A limeandikwa 22 na B limeandikwa 15, A ni bora. Yaishe." Nikafikiri sana, maana hoja yake ina nguvu. Kama magari yote mawili yamepimwa kwa mtihani mmoja, na ni ya aina inayofanana, nakubaliana naye, mpangilio mara nyingi utabaki. Lakini mjomba hakuwa analinganisha. Mjomba alikuwa anapanga bajeti, na kwenye bajeti hakuna "mara nyingi", kuna shilingi. Mia ya wanunuzi wa magari hapa mjini ni watu wa bajeti, ni bodaboda anayetaka kupanda daraja, ni mama wa mgahawa anayetaka kigari cha kubebea vyakula. Hao wanahitaji kujua litawala kiasi gani. Kujua nani wa kwanza darasani haitoshi.

Halafu hata kwenye kulinganisha tunakosea, na kosa hili ni letu sisi watu wa hesabu. Nilimpa chumbamate swali, mjaribu na nyie kabla hamjasoma chini. Nyumba moja ina magari mawili yanayotembea kilomita sawa. Pikapu ya baba inakwenda kilomita 6 kwa lita, kigari cha mama kinakwenda 15. Wana hela ya kubadilisha moja. Wakibadilisha pikapu watapata ya kilomita 8. Wakibadilisha kigari watapata cha 22. Wabadilishe lipi?

Akajibu haraka: kigari, kimepanda saba, pikapu imepanda mbili tu. Piga kwa kilomita 100. Pikapu ilikuwa inakula lita 16.7, sasa 12.5, wameokoa lita 4.2. Kigari kilikuwa lita 6.7, sasa 4.5, wameokoa 2.1. Ile "mbili tu" imeokoa mara mbili ya ile "saba"! Kuna watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Duke, Larrick na Soll, waliandika kuhusu kosa hilihili kwenye jarida la Science mwaka 2008, wakaonyesha kwamba maili kwa galoni inapotosha macho. Kibandiko cha magari mapya ya Marekani, kuanzia yale ya 2013, kikaongezewa galoni kwa maili 100.

Mtego uko kwenye mgawanyo. Kilomita kwa lita ni mafuta yamekaa chini, na vitu vilivyokaa chini ya mstari havijumlishwi kirahisi. Mjomba siku moja akaniambia kwenda mjini na foleni anapata 9, kurudi usiku barabara nyeupe anapata 18, kwa hiyo wastani ni 13 na nusu, mbona kwenye tanki inatoka pungufu? Kwa sababu njia ni ileile, kilomita zilezile. Chukua kilomita 18: kwenda ni lita 2, kurudi ni lita 1. Kilomita 36 kwa lita 3. Ni 12. Foleni inaumiza zaidi ya jinsi wastani wa kichwani unavyoonyesha.

Hii ni uwiano kinyume, wadau. Ni sekondari. Tunaufundisha kwa mafundi wanaojenga ukuta: mafundi 4 siku 6, mafundi 8 siku ngapi. Nimeufundisha mwenyewe kwenye TP, na wale mafundi, na darasa lote likasinzia isipokuwa kijana mmoja wa nyuma aliyeuliza, "Mwalimu, mafundi wote wanafanya kazi kwa kasi sawa?" Nikamwambia akae chini. Leo ningemwita mbele.

Kwa hiyo maoni yangu, mnaweza kuyapinga, ni haya. Muuzaji yeyote anayeandika km/L kwenye tangazo alazimike kuandika kipimo kando yake, iwe 10-15, JC08 au WLTC. Ni herufi chache, haimgharimu kitu, na taarifa hiyo anayo kwa sababu kainakili kutoka mahali. Na aandike lita kwa kilomita 100, kwa sababu hiyo ndiyo unayoizidisha kwa bei ya petroli bila kupotea. Bei ya lita tunatangaziwa hadi shilingi ya mwisho, mpaka redioni. Kile lita inachokifanya ikishaingia kwenye tanki tumeachiwa tukisie. Huko Japani gari jipya lina kibandiko cha mafuta kwenye kioo, na Marekani vilevile. Gari lilelile likifika kwetu kibandiko kimeshabanduka miaka mingi, kimebaki kivuli chake kwenye tangazo, bila jina na bila tarehe.

Najua mtasema sheria ngapi zipo na hazifuatwi. Sawa. Basi wakati tunasubiri, mimi nina kanuni yangu ya kienyeji kwa mtu wa bajeti anayeuliza gari la 10-15 modi la mwendo wa Dar: chukua namba ya tangazo, toa theluthi, na usishangae ikishuka zaidi. Si sayansi, ni tahadhari. Bora zaidi, tafuta dereva mwenye gari kama hilo pale Mwenge au Ubungo, mnunulie soda, muulize akijaza ya elfu thelathini anafika wapi. Madereva hawajui 10-15 modi lakini jibu lao ni la barabara yako.

Lililonichoma zaidi nimeliacha mwisho. Nilimwomba mjomba radhi. Nilienda nimejiandaa, nikamweleza habari za maabara, za kilo 110, za kiyoyozi, hadi Nissan na Mitsubishi nikawaingiza. Akanisikiliza mpaka mwisho, kama alivyokuwa akisikiliza wanafunzi wanaojitetea. Akasema, "Mjomba, kukokotoa ulikokotoa vizuri. Swali ndilo hukulisoma." Akacheka, akaniongezea chai. Ningependa angenigombeza.

Gari hajaliuza. Ameacha kwenda mjini asubuhi kuanzia saa moja hadi saa tatu, anasema muda huo anaichomea petroli hewa. Anafanya kazi alfajiri, anapumzika, anarudi jioni nyeupe. Ana daftari la mistari, lile la shule, kila akijaza anaandika kilomita na lita kwa mwandiko ule wa ubaoni, na mkopo wa kikoba umebaki kidogo. Juzi fundi kambadilishia plagi na chujio la hewa. Jana usiku akanitumia ujumbe, hakuna salamu wala nini: "13.9. Sahihisha."

Nimesahihisha. Iko sawa. Naenda kulala, kesho nina kipindi cha saa moja.